Uhuru huombwa au huchukuliwa? Tanganyika ya 1961 na mimi wa Tabata

#1 Kasha la Nguo
Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 33. Kazi ninayo, nasimamia ghala la vifaa vya ujenzi Buguruni, na mshahara si haba. Lakini bado nalala chumba kile kile nilichokuwa nalala nikiwa darasa la tatu, kwa wazazi, Tabata. Geti letu linafungwa saa nne usiku. Ufunguo bi mkubwa anaufunga kwenye pindo la khanga. Nikichelewa nagonga, anaamka, anafungua, hasemi neno. Anafunga tena lile pindo, mafundo mawili, anarudi kulala. Wakuu, bora angenitukana.

Juzi nikamwambia nataka kupanga. Akaniuliza, "Umekosa nini hapa?" Nikakosa jibu, maana kweli sijakosa kitu. Wali upo, maji yapo, nguo zinafuliwa.

Jana redioni walikuwa wanazungumzia uhuru wa Tanganyika, kwamba tuliupata kwa mazungumzo bila risasi hata moja. Nikawaza, huyu Mwingereza si naye lazima aliwauliza wazee wetu mmekosa nini? Walimjibu nini? Nchi nzima iliaga kwa adabu ikaondoka, mimi mtu mmoja na begi moja nashindwa. Kwa nini kwetu ilikuwa rahisi hivyo na majirani walimwaga damu? Na uhuru huwa unaombwa au unachukuliwa?

Nawasilisha.

#2 Nyanya Chungu
Miaka 33 na nguo unafuliwa? Kaa hapo hapo mkuu, usituharibie soko.

#3 Fundi Pasi
Nimeshatandika mkeka. Ila jibu ni jepesi: Mwalimu Nyerere. Alikwenda, akaongea Kiingereza safi, wakamwelewa, 9 Desemba 1961 akawa Rais. Kwisha habari. Wewe tatizo lako hujui kuongea na bi mkubwa.

#4 Ticha Mstaafu
Kijana umeuliza vizuri, ila nyumba umeijenga juu ya mchanga. Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Mjerumani aliposhindwa vita ya kwanza, nchi ilikabidhiwa kwa Mwingereza aiangalie tu, na toka 1946 ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Alikuwa mlezi, hakuwa mzazi. Kila mwaka alipeleka taarifa New York, na kila baada ya miaka 3 ulikuja ujumbe kukagua kama mtoto anakula. Mtoto mwenyewe naye aliruhusiwa kulalamika.

Na alilalamika. Mwaka 1951 Wameru walihamishwa kwa nguvu Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, nyumba zikachomwa moto. Wakachangishana, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York mwaka 1952. Ardhi haikurudi, kura hazikutosha, lakini kelele ilisikika. Nyerere alipokwenda kule Machi 1955 alikuta njia imeshafyekwa na mkulima.

Kwa hiyo na wewe tafuta, Umoja wa Mataifa wa nyumbani kwenu ni nani? Mjomba? Baba mdogo?

#5 Nyanya Chungu
@Ticha Mstaafu kwetu Umoja wa Mataifa ni shangazi, na alishapiga kura ya turufu.

#6 Mjukuu wa Umatumbi
Nasoma "bila damu, bila damu" mpaka nasikia kichefuchefu. Babu yangu mzaa baba kwao ni Kipatimu. Vita vya Majimaji 1905 hadi 1907 mnaviweka wapi? Kinjikitile, mganga aliyeviongoza, alinyongwa mwaka ule ule wa 1905, halafu Wajerumani wakaona risasi zinachelewa, wakachoma mashamba na maghala. Waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa vitani. Makadirio ya chini kabisa ni watu 75,000, wengine wanafika 300,000. Kuna maeneo kusini yalirudi kuwa pori, tembo wakahamia.

Damu ililipwa, ila ililipwa mapema, na risiti ikapotea. Wazee wa TANU, chama kilichodai uhuru, walichagua maneno kwa sababu wengine walikuwa wanajua kwa macho yao bunduki inafanya nini.

#7 Jirani wa Namanga
Watanzania mna raha nyinyi. Wacha niwaambie ukweli bila kuficha. Sisi Kenya ndio tulilipa. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 kuwazima wapiganaji wa Mau Mau, zaidi ya watu 1,000 wakanyongwa, kiongozi wao Kimathi akiwa mmojawapo Februari 1957. Machi 1959 kule Hola wafungwa 11 walipigwa na askari jela hadi wakafa, na hapo ndipo bunge la London liliwaka moto. Mwingereza akaanza kuangalia saa. Nyinyi mkapata 1961, sisi wenye kupigana tukangoja hadi Desemba 1963. Yaani mlipanda matatu, nauli tukawalipia sisi, na mkashuka kituo cha kwanza.

#8 Fundi Pasi
@Jirani wa Namanga hahaha, konda alikuwa nani?

#9 Wakili Bila Joho
Kabla hatujaenda mbali, @Fundi Pasi futa hapo kwenye "akawa Rais". Desemba 1961 Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, na mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth, akiwakilishwa na gavana mkuu, Turnbull, yule yule aliyekuwa gavana wa kikoloni. Nyerere mwenyewe alijiuzulu Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia, akamwachia Kawawa, akaenda kukijenga chama. Urais ulikuja 9 Desemba 1962, siku ya Jamhuri.

Kwa hiyo tulihama nyumba ila kwa mwaka mzima picha ya baba ilikuwa bado ukutani.

Hoja ya jirani nami naiona ina nguvu, ila kuna hesabu kaiacha. Walowezi Kenya walikuwa kama 60,000, wamekaa juu ya ardhi nzuri na wanasema hawatoki. Tanganyika Wazungu wote, ukichanganya na mapadri na maofisa, walikuwa kama 20,000, nchi ya watu karibu milioni 9. Nani angepigania nini? Ni rahisi kuondoka kwenye nyumba ambayo mwenyewe hajajenga choo.

#10 Ticha Mstaafu
Umenena. Ila usisahau lugha, Wakili. Bibi Titi Mohamed alisimama Dar, akasimama Lindi, akasimama Tanga, kote anaongea Kiswahili kimoja na wanawake wanaelewa bila mkalimani. Kulikuwa na vyama vya ngoma na lelemama mjini, akina mama tayari wana viongozi na michango yao. TANU ilipoanzishwa 7 Julai 1954 wanaume waliokuwa na ajira serikalini walikatazwa kujiunga. Kadi nyingi za mwanzo mijini zilibebwa na kina mama wauza maandazi na pombe.

#11 Dada wa Mabibo
Ticha hapo kwenye maandazi nimeitwa kwa jina langu.

Nimeolewa mwaka wa 11. Mume si mtu mbaya, niseme kabisa, hajawahi kuninyanyua mkono. Ila kila asubuhi aliacha hela ya matumizi mezani chini ya kikombe. Elfu saba. Nikitaka kitu nje ya hapo naomba, na nikiomba anauliza ya nini. Sasa kuna vitu mwanamke ukiulizwa "ya nini" unatamani ardhi ipasuke.

Nikaanza na unga kilo mbili. Jirani yangu ana jiko la mkaa, mimi nakanda, yeye anachoma, maandazi yanauzwa kwa watoto wa shule saa kumi na mbili asubuhi, mume keshaondoka. Miezi mitano hakujua. Nikaingia kikoba, hisa moja elfu mbili kwa wiki. Siku niliyonunua mtungi mdogo wa gesi kwa hela yangu, nikaubeba mwenyewe kutoka dukani, nikauweka jikoni, nikakaa kwenye kigoda nikawa nauangalia tu.

Jioni aliuona. Akauliza nani kaleta. Nikasema mimi. Alikaa kimya kama nusu saa hivi, halafu akaniambia nimwongezee chai. Kesho yake chini ya kikombe kulikuwa na elfu tano badala ya saba. Mpaka leo sijui ile elfu mbili ilikuwa adhabu au ilikuwa heshima.

#12 Nyanya Chungu
Dada wa Mabibo ile ilikuwa vikwazo vya kiuchumi.

#13 Wakili Bila Joho
@Dada wa Mabibo hongera sana. Alichofanya mumeo ndicho Ufaransa ilichowafanyia Guinea. Septemba 1958 de Gaulle aliyaambia makoloni yapige kura: mbaki kwenye jumuiya yangu au muondoke leo leo. Guinea peke yake ikasema hapana, zaidi ya asilimia 95, Sékou Touré akiongoza. Uhuru ukaja 2 Oktoba. Wafaransa wakafungasha kila kitu, wataalamu wakaondolewa kwa wiki chache, inasimuliwa waling'oa hata simu na balbu. Ghana ya Nkrumah ikawakopesha pauni milioni 10 wasianguke.

Yaani Guinea alisema "nahama", akajibiwa "haya, na shuka liache".

#14 Fundi Pasi
Kwa kuwa tumefika kwenye mashuka, acha nikiri.

Nilihama nyumbani nikiwa na miaka 22 kwa hasira. Mzee alinisema mbele ya wageni. Nikapata chumba Manzese, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, dalali anataka ya mwezi mmoja, nikauza redio na baiskeli. Wiki ya kwanza raha sana, narudi saa nane usiku, nafungua mlango wangu mwenyewe kwa ufunguo wangu mwenyewe. Wiki ya tatu nagundua ufagio unanunuliwa. Wakuu, sikuwahi kujua ufagio unanunuliwa! Nyumbani nilikuwa naukuta tu.

Mwezi wa nne nikarudi. Usiku, godoro nimelikunja nimelifunga kwa kamba kwenye bodaboda, nimelifunika kwa pazia majirani wasijue ni godoro. Mzee alifungua mlango, akaliangalia lile pazia, akasema, "Umetununulia pazia?" Mpaka leo ananiita Pazia.

#15 Nyanya Chungu
Pazia!!! Kuanzia leo jina lako humu ndani limeshabadilika.

#16 Kasha la Nguo
Nacheka huku naumia. @Fundi Pasi hiyo ndiyo hofu yangu hasa. Siogopi kuondoka, naogopa kurudi.

#17 Mngazija Mtoro
Salaam. Hiyo habari ya kurudi niachieni mimi, sisi ndio wenyewe. Nyinyi mnatuita wote Wangazija ila Ngazija ni kisiwa kimoja tu. Nchi ni Komoro, na visiwa ni vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore, ambayo Wafaransa wanaiita Mayotte.

Desemba 1974 tulipiga kura ya uhuru. Visiwa vitatu vikasema ndiyo karibu wote, Maore wengi wakasema hapana, tunabaki na Mfaransa. Julai 1975 tukajitangazia uhuru kwa vyote vinne, mmoja akabaki nyumbani kwa baba. Toka 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1997 Nzwani ilichoka na mapinduzi na mishahara isiyolipwa, watu wakaingia barabarani na bendera ya Ufaransa, wakasema tunataka kurudi. Ufaransa ikakataa. Umesikia kaka wa Tabata? Mtoto amebeba godoro lake mpaka mlangoni, baba anachungulia dirishani anasema hapana, wewe si ulisema umekuwa mkubwa. Kisiwa kikakaa kinavutana na serikali miaka 10 na zaidi, mpaka Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika yalipoingia, na wanajeshi wenu wa Tanzania walikuwemo.

Binamu zangu wa Nzwani leo wanakwenda Maore usiku kwa boti ndogo za kwasakwasa. Kilomita 70. Wengine hawafiki. Toka 1995 inatakiwa viza kwenda kumsalimia shangazi.

#18 Ticha Mstaafu
@Mngazija Mtoro asante. Hiyo sikuwahi kuifundisha darasani na najilaumu.

#19 Jirani wa Namanga
Story ya Nzwani imeniuma. Lakini si lazima uombe kutoka. Kuna wale wa kufukuzwa. Singapore haikuomba uhuru, ilifukuzwa kutoka Malaysia Agosti 1965, na Lee Kuan Yew akalia kwa televisheni mbele ya watu. Leo muulize Msingapore kama anataka kurudishwa.

Kasha, labda dawa ni kumkosea mama adabu kidogo akufukuze.

#20 Nyanya Chungu
Ushauri mbovu kuliko wote humu. Nakazia.

#21 Mjukuu wa Umatumbi
Tumetoka kwenye Majimaji tumefika Singapore. Hakuna aliyenijibu hoja yangu. Nimezoea.

#22 Wakili Bila Joho
Nakujibu kaka. Hoja yako ni ya kweli ila haielezi kwa nini 1961 na si 1951. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa 1954 ulipendekeza tupewe uhuru baada ya miaka 20 hadi 25, na Mwingereza alinuna kwamba ni haraka mno! Yaani kwa hesabu hiyo tungekuwa tunangoja hadi 1974 au 1979. Kitu kikaja kikabana miaka ile hadi 7. Wewe unasema kumbukumbu ya Majimaji, jirani anasema Mau Mau, Ticha anasema udhamini na Kiswahili, mimi nasema walowezi wachache na mfuko wa London uliotoboka baada ya vita ya pili. Yote yanaweza kuwa kweli, sina mizani ya kuyapimia.

Ila kuna jambo moja linalomhusu moja kwa moja mwenye uzi. Januari 1958, mkutano wa TANU Tabora. Serikali imeleta uchaguzi wa ajabu: kila mpiga kura lazima achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ukiacha mmoja kura imeharibika. Halafu ili upige kura lazima uwe na kisomo au kipato fulani. Wanachama wengi wakasema ni matusi, tususie. Nyerere akasimama akasema tuingie. Zuberi Mtemvu akakasirika, akatoka akaanzisha chama chake cha Kongresi, akisema Afrika ni ya Waafrika. TANU wakaingia, wakashinda, wakaitumia meza ile ile ya matusi kudai meza nyingine. Agosti 1960 wakapata viti 70 kati ya 71.

Kasha, kura tatu yako iko wapi? Usianze na kuhama. Anza na kulipia umeme wa nyumba. Halafu maji. Ukishalipa umeme miezi sita, nani atakuuliza umerudi saa ngapi?

#23 Fundi Pasi
Atauliza. Nililipa umeme mwaka mzima na nikaulizwa mwaka mzima.

#24 Kahawa Bila Sukari
Nipo Muscat mwaka wa sita sasa, kazi za ndani. Nimesoma toka mwanzo nikiwa jikoni.

Nyumba ya kwanza niliyofikia, mama mwenye nyumba alichukua pasi yangu siku ya kwanza pale pale mlangoni, nimebeba begi bado. (Fundi Pasi usije ukadhani ya kunyooshea.) Akaifungia kwenye kabati la chumbani kwake. Kila Ijumaa nafuta vumbi juu ya lile kabati, najua imo ndani, sentimita chache kutoka kwenye mkono wangu. Miezi 14. Nilivyoipata siwezi kuandika hapa, kuna dada mwingine alinisaidia na bado yuko kule.

Huyu wa sasa aliniambia siku ya kwanza, pasi yako kaa nayo. Wiki nzima sikulala vizuri, nilikuwa naamka usiku kuigusa chini ya mto. Nikamwambia dada mmoja wa Kiarusha tunayefanya kazi jirani, akacheka, akasema na yeye alifanya hivyo hivyo.

Wewe wa Tabata usinichukie, ila mimi leo ningeomba mtu mmoja tu hapa duniani aamke usiku anifungulie geti bila kusema neno.

#25 Kasha la Nguo
Dada nimekusoma mara tatu. Sikuchukii.

#26 Mwamba wa Sauti
Mimi sioni, macho yalikwenda nikiwa na miaka 12. Simu yangu inanisomea kwa sauti, ndiyo maana wakati mwingine nakosea herufi, mnivumilie.

Kwa miaka mingi hela zangu kwenye simu alizishika binamu. Namba ya siri anayo yeye, anatoa, ananiambia imebaki kiasi fulani. Hakuwa mwizi, au labda alikuwa mwizi mdogo, sijui na sitaki kujua. Siku moja kijana mmoja chuoni akanifundisha jinsi ya kuweka kisikilizio sikioni na kugusa skrini taratibu mpaka isome tarakimu. Nikabadilisha namba ya siri peke yangu, nimekaa juu ya kitanda, mlango umefungwa. Halafu nikauliza salio. Ikasema: elfu arobaini na moja na mia tatu. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia hela yangu kutoka kwenye hela yenyewe na si kutoka kwa mtu.

Binamu alinuna mwezi. Sasa hivi bado ndiye ananivusha barabara ya Morogoro, na namlipa soda.

#27 Ticha Mstaafu
@Mwamba wa Sauti umenifungua kitu. Tulipandisha bendera Desemba 1961, lakini shilingi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Benki Kuu yetu ilifunguliwa 14 Juni 1966. Miaka minne na nusu nchi huru, namba ya siri anayo binamu.

Na nilikuwepo, jamani, mimi nimezaliwa 1952. Baba alikuwa anakata mkonge Korogwe. Usiku wa uhuru watu walicheza mpaka asubuhi, kuna mtu alinipa soda nzima peke yangu, haikuwahi kutokea. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi ya kurudi kazini. King'ora cha shamba kililia saa kumi na moja alfajiri, sauti ile ile, na baba akaamka, akachukua panga lile lile. Mama akamuuliza, "Si walisema uhuru?" Baba akasema, "Uhuru ni wa Dar es Salaam, huku tutaletewa." Mashamba yale serikali iliyashika mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha. King'ora hakikubadilishwa hata hapo.

#28 Jirani wa Namanga
Mzee hiyo ya king'ora... kwetu ilikuwa deni. Serikali ilikopa Uingereza na Benki ya Dunia kununua mashamba kutoka kwa walowezi wale wale, ekari milioni moja, halafu ikayagawa vipande kwa watu na kila kipande na deni lake. Babu yangu alitoka kizuizini akapewa kipande Nyandarua na kitabu cha malipo. Alikuwa anauliza, niliiba lini? 2013 Waingereza walikubali kulipa wazee 5,228 walioteswa, pauni milioni 19.9 kwa wote. Babu alikuwa ameshazikwa.

#29 Wakili Bila Joho
Haiti yaliwakuta hayo mapema zaidi. Walijikomboa 1804 kwa vita, watumwa wameshinda jeshi la Napoleon. Mwaka 1825 Ufaransa ikarudi na manowari ikidai faranga milioni 150 kama fidia ya mali yake iliyopotea, na watumwa wenyewe wakihesabiwa kama mali. Baadaye ikapunguzwa ikawa milioni 90. Wakakopa ili walipe, na madeni yale yalimalizika 1947.

#30 Nyanya Chungu
Huu uzi ulianza na geti la Tabata. Mimi nilikuja kucheka, mbona mnaniliza.

Ticha, hukumalizia. Sisi tuliwahi kurudi na godoro?

#31 Ticha Mstaafu
Tuliwahi, binti yangu, tena mapema. 20 Januari 1964 wanajeshi wa Colito, pale panapoitwa Lugalo leo, waliasi. Wanataka mishahara ipande na maofisa wa Kiingereza waondoke. Jiji likaporwa siku moja, Nyerere akajificha. Siku chache baadaye tukawaomba Waingereza waje, na tarehe 25 makomandoo wao wakashuka kwa helikopta kutoka melini, wakawanyang'anya silaha askari wetu ndani ya muda mfupi. Miaka miwili na ushee toka tuhame, tumepiga simu nyumbani usiku: baba njoo.

Wakaja, wakamaliza, na safari ile tukawaaga haraka wakaja Wanigeria kushika lindo huku tunaunda jeshi jipya, JWTZ, Septemba mwaka ule ule. Mwalimu alisema waziwazi ilikuwa fedheha. Lakini nyumba haikubomoka.

#32 Fundi Pasi
Kumbe hata Jamhuri ilishawahi kuitwa Pazia. Nimepona.

#33 Mjukuu wa Umatumbi
Wakili nimekubali nusu. Nusu nyingine tutaonana uzi mwingine.

#34 Dada wa Mabibo
@Kasha la Nguo uko wapi? Wiki imepita. Umehama au umefungiwa nje?

#35 Kasha la Nguo
Nipo wakuu. Samahani, nilikuwa natafuta mistari ya kuandika.

Jumamosi nilikwenda kuona chumba Kimara. Dalali alikuwa na haraka kama anafukuzwa, alinionyesha vitatu kwa dakika 20, akachukua elfu 10 ya kuonyeshwa. Cha tatu nikakipenda, kina dirisha upande wa mwembe.

Jioni nikarudi nikakaa na bi mkubwa uani, anachambua mchele. Nikamwambia nimepata chumba. Akaendelea kuchambua. Akauliza kodi ya miezi sita ni shilingi ngapi. Nikamtajia. Akasema dalali amekuibia. Akachambua tena. Akauliza geti la huko linafungwa saa ngapi. Nikamwambia mama huko hakuna geti. Akanyanyuka akaingia ndani, nikajua kwisha, amekasirika.

Akarudi na ufagio. Mpya, bado una karatasi. Akasema alinunua mwezi wa tano siku ile nilipotaja kupanga mara ya kwanza, akauweka chini ya kitanda.

Ufunguo wa geti bado yuko nao kwenye pindo. Sikumwomba nakala, na hakunipa. Nahamia tarehe 1.

#36 Nyanya Chungu
Mwezi wa tano! Na alikuwa anakuuliza umekosa nini!

#37 Kahawa Bila Sukari
Msalimie mama.

#38 Jirani wa Namanga
Hongera ndugu. Sasa huyo mama ndiye Mwingereza ama ndiye TANU? Nimepotea.

#39 Wakili Bila Joho
Swali la msingi kuliko hilo, kiongozi: LUKU, mita ya umeme, ni ya chumba chako au mnachangia?

#40 Kasha la Nguo
Tunachangia, wapangaji wanne. Mmoja ana friji ya kuuzia barafu.

#41 Fundi Pasi
Pole sana mkuu. Pazia langu bado ninalo, ukilihitaji sema.